Anayezima Huduma ya Kompyuta Aandike Ilivyokuwa

Sinza, jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika miaka ya 1970 chini ya mpango wa viwanja vyenye huduma. Wakati wa kiangazi mtaro wa maji huonekana kuwa nafasi iliyopotea bure, na anayeufukia hupata mahali pa kuweka meza ya biashara. Masika yanapofika ndipo kazi ya mtaro inapojulikana. Kompyuta nayo ina mitaro yake.

Mfumo endeshi, kwa mfano Windows, huendesha programu nyingi zisizoonekana kwenye kioo, ziitwazo huduma. Moja hupanga kazi za kuchapa, nyingine hurekebisha saa, nyingine huleta masahihisho ya mfumo wenyewe. Kila huduma hupewa na watengenezaji hali yake ya awali: ama ianze kompyuta inapowashwa, ama ingoje mpaka ihitajike, ama isianze kabisa.

Katika vibanda vya kuchapia ambako wanafunzi hupeleka kazi zao, intaneti hulipiwa kwa kifurushi. Masahihisho hula kifurushi, na fundi huwa mwepesi wa kuizima huduma iyaletayo. Kompyuta huonekana nyepesi, na mwenyewe hushukuru. Lakini madhara yake hayako mbali. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sahihisho la kuziba ufa mmoja wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu haribifu iitwayo WannaCry ilipenya katika ufa huo, ikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 100, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka sahihisho lililokwisha kutolewa.

Hata hivyo, kuzima si kosa daima. Julai 2021, kasoro kubwa ilipogunduliwa katika huduma ya kuchapa, Microsoft yenyewe ilitaja kuizima kuwa njia mojawapo ya kujikinga kwa muda. Kosa ni kuzima na kusahau. Wala kurejesha si kuwasha kila kitu. Katika Windows 10 huduma ya masahihisho kwa asili hungoja kuamshwa na mfumo, ilhali ile ya kuchapa huanza yenyewe. Asiyejua hali ya awali atabahatisha, au atafuta mfumo wote na kuupanga upya, pengine pamoja na kazi za watu.

Dawa yake ni daftari. Kabla ya kugusa huduma yoyote, fundi aandike jina lake, hali yake ya awali, tarehe na sababu ya kuibadilisha. Ajue pia kwamba Windows 10 na Windows 11 huweza kuarifiwa kuwa intaneti inalipiwa kwa kipimo, zikapunguza kupakua pasipo kuzimwa chochote.

Yafaa walimu wa kompyuta nao watoe zoezi hili: mwanafunzi achague huduma moja, aeleze kazi yake, abadilishe hali yake, kisha airudishe kama alivyoikuta. Mwanafunzi wa kemia huandika vipimo kabla ya kuanza jaribio. Fundi wa kompyuta hana udhuru wa kutofanya hivyo.