Tiba ya Taya Isiwe Safari ya Mbali

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi wengi huyaachia kadari, kwa kudhani kwamba hayana dawa ila kisu cha mpasuaji, ni taya la chini la mtoto linalotangulia mbele ya lile la juu, hata meno ya chini yakayafunika yale ya juu, ambayo ndiyo yaliyopaswa kuyafunika. Mtoto huyo hutafuna kwa taabu, meno yake ya mbele husagika kabla ya wakati, na aghalabu hujifunza kucheka huku ameziba kinywa kwa kiganja. Wala hiyo si laana: ni jambo linaloweza kurithiwa ukooni, na mfalme Karolo wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700, alikuwa nalo kwa kiasi cha kushindwa kutafuna vyema, ijapokuwa milki yake ilivuka bahari.

Ugumu wa tiba isiyo ya kisu ulikuwa katika kupata egemeo. Daktari akiyavuta meno kwa waya uliofungwa katika meno mengine, yote husogea, hata yale ambayo hakukusudia kuyasogeza. Dereva aliyekwama matopeni katika njia ya Lubero, mashariki mwa Kongo, hafungi kamba yake katika lori jingine lililozama, bali hutafuta mti wenye mizizi. Na mti huo, kinywani, ni parafujo ya titani yenye unene usiozidi milimita 2 na urefu wa milimita 6 hadi 12, ambayo hukazwa katika mfupa kwa ganzi ya mahali pale tu, kisha huondolewa kazi ikiisha. Mjapani Kanomi aliandika habari za parafujo ndogo za namna hii mwaka 1997. Zikitiwa katika mfupa mnene ulio kando ya magego ya chini, safu nzima ya meno ya chini yaweza kurudishwa nyuma polepole. Na kwa mtoto anayekua bado, Mbelgiji Hugo De Clerck alifunga vibamba katika mifupa ya juu na ya chini, akaviunganisha kwa vipira, taya la juu likavutika mbele.

Haifai kumghuri mtu: taya lililopotoka mno bado lahitaji upasuaji, na parafujo nyingine hulegea zikabidi kutiwa upya.

Lakini linalonishughulisha si parafujo. Wafanyabiashara wa Butembo, waletao shehena kutoka Dubai na China, hawawezi kushindwa na kifurushi kinachoenea mfukoni. Kinachokosekana ni ukaribu. Upasuaji waweza kuwa safari moja, ambayo ukoo hujikusuru ukaichangia. Tiba ya parafujo hudai miaka miwili au zaidi, na kuonana na daktari kila baada ya wiki chache. Nani atamtaka mama wa Beni ampeleke mwanawe Kampala kila mwezi kwa njia ya Kasindi, ambako wasafiri wameuawa ndani ya magari yao? Nayo njia ya Goma, tangu mji ule uliposhikwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025, haina nafuu kwake.

Wapo watakaosema kwamba nchi inayozika watu wake waliochinjwa na makundi yenye silaha tangu mwaka 2014 haina fursa ya kushughulikia meno. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Katika Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, wauguzi wa Beni na Butembo walijifunza kazi ngumu na ya hadhari kubwa, wakaifanya katikati ya risasi. Na walioweza hayo, sembuse haya?

Basi Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kifundishacho utabibu pale pale Butembo, na kiwapeleke madaktari wa meno wawili au watatu wakabobee katika tiba hii, kwa ahadi ya kurejea kuhudumia Beni na Butembo. Hali kadhalika, walimu wafundishwe kutazama jinsi mtoto wa miaka 7 anavyofumba meno, kwa kuwa akionekana katika umri huo, huenda barakoa ya kuvuta taya, aivaayo usiku nyumbani, ikamtosha bila ya parafujo hata moja.