Tuwafunze Vijana Wetu Kukimbia kwa Akili Pia

Kila mwanariadha wa Kericho au Bomet anapong'ara ng'ambo, maelezo huwa yale yale: ni mwinuko, ni hewa nyepesi, ni vilima, ni shule iliyokuwa mbali na nyumbani. Maelezo hayo si uongo. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Londiani au Sotik hupanda vilima tangu anapojua kutembea. Lakini hewa hiyo hiyo inavutwa na maelfu ya vijana wasiowahi kushinda hata mbio za kaunti. Kama mapafu na miguu vingetosha, kila boma lingekuwa na medali. Kinachowatenganisha vijana hawa, kwa sehemu kubwa, kimo kichwani, na sisi wazazi, walimu na wakufunzi hatukifundishi. Tumekiacha kijitafutie njia chenyewe.

Tazameni mbio za nyika za dunia zilizofanyika Bathurst, Australia, Februari 2023. Letesenbet Gidey wa Ethiopia alikuwa mbele, utepe ukionekana, na wengi waliotazama waliona dhahabu imekwisha kwenda zake. Nyuma yake alikuja Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani. Mkimbiaji aliye katika hali hiyo, pumzi imekatika na vilima vimemmaliza, husikia ndani yake sauti ya upole kabisa: fedha nayo ni medali, inatosha. Hapo ndipo mbio nyingi hupotelea, miguu ikiwa bado ina kitu. Chebet hakuacha kukaza mwendo. Zikiwa zimesalia mita chache alimpita Gidey, naye Gidey akaanguka kwa uchovu kabla ya kumaliza.

Asiseme mtu kwamba ilikuwa bahati. Tarehe 25 Mei 2024, mjini Eugene, Marekani, Chebet alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Agosti mwaka huo huo, katika Olimpiki ya Paris, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 na ile ya 10,000. Katika hiyo ya pili, baada ya kuzunguka uwanja mara 25, alimtangulia Nadia Battocletti wa Italia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kabla yake, mwaka 1997, binti mwingine wa Kericho, Joyce Chepchumba, alikimbia marathoni ya London, kilomita 42 na ushei, akamshinda Liz McColgan wa Uingereza kwa sekunde moja tu. Tofauti ndogo namna hiyo hailetwi na mwinuko peke yake, kwa maana hata mapafu ya aliyeshindwa yalikuwa mapafu ya bingwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba moyo wa aina hii mtu huzaliwa nao. Napinga. Akili hufanyiwa mazoezi kama paja linavyofanyiwa. Mkufunzi ampe kijana kilima kimoja cha ziada siku ile mvua ya alasiri imelainisha barabara ya udongo mwekundu na kila mtu anatamani kurudi kambini. Amfundishe kuzigawa mbio vipande vipande, kama mchuma chai anavyoshughulika na mstari ulio mbele yake bila kulihesabu shamba zima. Amzoeze neno moja fupi la kujiambia pale maumivu yanapoanza, maana yataanza tu, na asiyejiandalia neno atapewa neno na uchovu wenyewe. Na baada ya kushindwa, wakae wazungumze: ni wapi hasa ulipokata tamaa? Swali hilo ni la manufaa kuliko kelele zote za kando ya uwanja.

Amfundishe pia kutoogopa kushindwa. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ndiye aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo Oktoba 1964, taifa likiwa halijatimiza mwaka tangu uhuru. Miaka minne baadaye, Mexico, hakujificha katikati ya kundi. Alitoka mbele na kuisukuma kasi mwenyewe, hadi Ralph Doubell wa Australia alipompita mwishoni, kwa muda uliolingana na rekodi ya dunia. Kiprugut alipata fedha. Mtu anayetetemeka kwa hofu ya kupitwa hawezi kuthubutu hivyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walichapisha utafiti wa watu 16 waliopanda baiskeli ya mazoezi hadi wakashindwa kuendelea. Siku walipotangulia kushughulishwa akili kwa dakika 90 mbele ya kompyuta, walikata tamaa mapema zaidi, ingawa moyo na misuli vilikuwa vikifanya kazi sawasawa na siku nyingine. Akili iliyochoka ilitosha kuuangusha mwili mzima.

Basi fikirini tunavyowafanyia watoto wetu. Kazi kwenye mashamba makubwa ya chai zimepungua, mashine zinachuma mahali pa mikono, na Mei 2023 hasira ya jambo hilo ilifikia kuchoma mashine hizo huko Kericho. Katika dhiki hiyo, kijana mwenye mbio huwa tumaini la ukoo. Usiku wa kuamkia mashindano simu yake hailali: karo ya mdogo wake, deni la dukani, mjomba aliyelazwa. Asubuhi anasimama kwenye mstari akiwa amekimbia nusu ya mbio kitandani. Akishindwa mara mbili tatu, hutokea mtu wa kumnong'onezea habari za sindano, na kijana aliyebanwa na aibu ya nyumbani husikiliza. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: tumeshuhudia majina mangapi ya Wakenya yakifungiwa kwa dawa zilizokatazwa? Sheria ipo tangu 2016, na shirika la kupambana na dawa hizo lipo. Lakini sheria humkuta kijana akiwa amekwisha kukosa, ilhali sisi tuko naye tangu mwanzo.

Enyi wazazi wa Kericho na Bomet, msiwapigie wana wenu simu za madeni usiku wa kuamkia mbio. Na yule atakayerudi na nafasi ya kumi, mpokeeni kwa maziwa ya mursik yale yale mnayompa mshindi, mwacheni alale, kisha kesho yake mwulizeni amejifunza nini.