Usiizime Kompyuta Iliyopoteza Ruhusa Zake

Jioni moja, alasiri imekwisha kusaliwa, kijana aliyekabidhiwa dhima ya kuitunza seva ya skuli moja alinipigia simu kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka. "Shikamoo, mzee," aliniamkia, na kabla sijamaliza kumwitikia akasema, "Nimeiharibu. Kila ninachokigusa kinanikatalia." Nilimwuliza jambo moja tu, kama kompyuta ingali inawaka, naye aliponijibu kuwa inawaka, ila kidole chake ki tayari juu ya kitufe ili aizime na kuiwasha upya, nilimsihi asiiguse mpaka nifike.

Kisa chake si kigeni kwa mafundi. Tovuti ya skuli ilikuwa haikubali kupokea picha, na rafiki yake alimpa ushauri ambao husikika kila mahali penye seva za Linux: "Ipe 777, itakubali." Kijana, akiwa ameingia kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, aliandika amri ya chmod, ibadilishayo ruhusa za faili, ili aifungulie saraka moja ya tovuti pamoja na vyote vilivyomo, lakini baada ya alama ya kwanza ya mkwaju, ambayo ikisimama peke yake huwa ni shina la mfumo mzima, kidole kiliteleza kikagusa kitufe cha nafasi. Kwa nafasi hiyo moja tupu amri ilianza shinani ikashuka tawi kwa tawi, ikibadili kila faili iliyoifikia.

Linux iliirithi desturi ya ruhusa kutoka Unix, mfumo ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuujenga katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi linaloshirikiana naye, na ina watu baki. Na kila mmoja kati ya hao hupewa au hunyimwa haki ya kusoma ambayo thamani yake ni 4, ya kuandika ambayo ni 2, na ya kutekeleza ambayo ni 1. Thamani hizo hujumlishwa, zikatoa tarakimu moja kwa kila mmoja wao: faili yenye 640 husomwa na kuandikwa na mwenyewe, husomwa na kundi, na watu baki hawaipati kabisa. Yenye 777 ni mali ya kila apitaye.

Msomaji aweza kudhani kuwa kompyuta iliyofunguliwa milango yote ingekuwa nyepesi zaidi kutumika, ilhali mambo huwa kinyume. Nilipofika nilimkuta kijana ameketi mbele ya kioo chenye madirisha mawili. Katika la kwanza sudo, programu ambayo kwayo mtu wa kawaida huazima mamlaka ya msimamizi, ilikuwa ikikataa kazi: aghalabu hukaa na ruhusa kama 4755, na ile 4 ya mbele, ambayo Ritchie alipewa hataza yake mwaka 1979, ndiyo inayoiwezesha programu kutenda kwa uwezo wa mwenyewe badala ya uwezo wa aliyeiita. Amri ya 777 ilikuwa imeifuta. SSH nayo, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia kutoka mbali, iliziona funguo zake za siri zi wazi kwa kila mtu ikakataa kuzitumia, na mimi naona ilifanya haki, kwani siri iliyolala uwanjani si ya kuaminiwa tena.

Dirisha la pili ndilo lililotuokoa. Lilikuwa limefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi kabla ya ajali, na maadamu kompyuta haikuzimwa, mamlaka yale yalikuwa yangali hai. Kama angeizima, pengine isingewaka tena kikamilifu, nasi ingetubidi kuiwasha kwa mfumo mwingine ulio ndani ya flashi, kisha kuingia katika diski yake kwa chroot na kuanza kazi tukiwa nje. Hilo nalo hufanyika, lakini ni safari ndefu zaidi.

Kabla ya kutengeneza chochote tulihamisha alama za mitihani na hesabu za ada katika diski ya nje, kwa kuwa mfumo hupatikana tena bure ilhali alama za mtoto hazipatikani tena. Kisha tukaugeukia mfumo wenyewe. Seva ile ilikuwa ya jamaa ya Red Hat, ambayo rejesta yake ya vifurushi hukumbuka mwenyewe na ruhusa ya kila faili iliyokuja na kifurushi. Kwa hiyo tuliiamuru rpm, programu ya rejesta hiyo, irudishe wenyewe kwanza, kwa --setugids, ndipo irudishe ruhusa kwa --setperms. Utaratibu huo usipinduliwe, kwa sababu kubadili mwenyewe wa programu huifuta tena ile 4 ya mbele. Penye Debian au Ubuntu njia ni kuvisakinisha vifurushi upya, au kuazima orodha ya ruhusa kutoka kompyuta ndugu yenye mfumo na toleo lile lile. Faili za watu binafsi, ambazo hazimo katika kifurushi chochote, tulizirekebisha moja moja kwa mkono, na isha ikatupita tungali tumeinama.

Seva ilipona. Hata hivyo nilimwambia kijana kuwa asubuhi yake tutaifuta na kuijenga upya, na kubadili kila nenosiri na kila ufunguo, naye alihuzunika kwa kuwa alikwisha kuiona nzima. Ingekuwa kompyuta ya nyumbani ya mtu mmoja ningeridhika. Lakini mashine iliyo katika mtandao, yenye habari za watoto wa watu, ambayo kwa saa kadhaa programu yoyote ndani yake iliweza kuandika juu ya mfumo wenyewe, hakuna fundi awezaye kuiapia kuwa haikuguswa.

Ushauri ule wa "ipe 777" nauchukia kwa moyo wangu wote, na walimu wa kompyuta wanaoutoa wanawadhulumu wanafunzi wao. Saraka ya tovuti ilihitaji kupewa kundi la programu inayoiendesha, na kundi hilo kuruhusiwa kuandika, basi. Wenye kuunda zana za GNU nao nawalaumu kidogo: rm hukataa kufuta shina la mfumo mpaka ilazimishwe, lakini chmod haina hadhari hiyo ila mtu aikumbuke mwenyewe na kuiongeza kwa --preserve-root. Kinga hiyo ingefaa iwe ndiyo kawaida.

Skuli ilikuwa na nakala ya akiba, ndiyo, katika flashi ya muundo wa FAT, muundo ambao huhifadhi maneno ya faili bila kuhifadhi ruhusa zake, na hali hiyo nimeikuta katika ofisi nyingi zinazojiona zimejikinga. Nawasihi wote wanaotunza mashine za umma, hata iwe ni moja tu: leo kabla ya kufunga kazi, andikeni orodha ya ruhusa za mfumo mzima kwa getfacl -R, mkiwa na mamlaka ya msimamizi, na orodha hiyo iwekwe nje ya mashine. Siku ya ajali ruhusa hurudishwa kwa setfacl --restore, na kuiandika ni kazi ya amri moja.