Tusichimbe Bwawa kwa Majembe ya Mama Zetu

Nyote mnalijua lile shimo nyuma ya bustani ya shule, ambalo lilinuiwa kuwa bwawa la kuhifadhi maji ya mvua. Muhula uliopita wengi walitucheka wakisema ati wanachama wa bustani ni wavivu. La hasha! Vifaa ndivyo havikufaa.

Tuliambiwa kila mmoja aje na jembe kutoka nyumbani. Jamani, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jembe ninalolileta shuleni ndilo mama analolimia. Na hapa kwetu Ukambani ukichimba kidogo tu unakutana na changarawe na yale mawe meupe magumu ajabu. Tulipiga kwa nguvu zote, cheche zikaruka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kilijaa mawe. Siku ya tatu jembe likapinda makali na mpini ukapasuka. Nyumbani sikuulizwa bwawa limefika wapi. Niliulizwa, "Mvua ikinyesha kesho tutapanda na nini?" Sikuwa na jibu.

Maoni yangu ni kwamba shule inunue mitaimbo miwili na sururu mbili kabla ya mtu yeyote kurudi shimoni. Jembe lina bapa pana la kukata udongo. Ukilipiga juu ya jiwe, nguvu yote inatawanyika na kukurudia mikononi. Sururu ina ncha, na nguvu ileile ikikusanywa mahali padogo hupenya. Hiyo ni Fizikia ya darasani, sijaibuni mimi.

Mtaimbo nao ni wenzo. Chukua wa mita 1.5, utie kijiwe chini yake sentimita 10 kutoka nchani. Upande wako zitabaki sentimita 140, yaani nguvu yako inazidishwa kama mara 14. Mtoto mdogo atang'oa jiwe lililowashinda wavulana wanne wenye misuli. Babu yangu husema walipochimba matuta ya fanya-juu katika mwethya, mtaimbo ulitangulia na jembe likafuata. Sisi tuliosoma tukaanza na jembe!

Kuna wanaosema fokojembe inatosha. Nakubali nusu. Meno yake hupita vizuri katikati ya vijiwe, lakini yakikwama chini ya jiwe kubwa hupinda. Basi sururu ifungue, fokojembe ikusanye, beleshi litupe nje.

Tusisahau kubeba. Bwawa la mita 4 kwa 3, kina mita 1, ni mita 12 za ujazo. Udongo ukichimbwa huvimba, tuseme ufike mita 15. Kwa toroli la lita 60 hizo ni safari 250! Kwa karai, wacha tu. Toroli moja lenye gurudumu zima ni la lazima.

Jambo lingine ni macho. Kipande cha jiwe kilimpasua mwenzetu shavuni, karibu kabisa na jicho, kwa sababu tulisongamana kama kuku. Wachimbaji wawili kwa wakati mmoja wanatosha, wakiwa mbalimbali, na miwani ya kukinga macho ipatikane. Pia tumwagie maji jioni ili changarawe ilainike kufikia asubuhi.

Najua nitaambiwa pesa hakuna. Lakini majembe kumi yakivunjika, pesa zinatoka vilevile, ila zinatoka kwa wazazi wetu kimyakimya bila risiti. Hiyo kweli ni haki?

Nawaomba walimu wetu wapendwa walizungumze jambo hili kabla ya mvua. Nami sikatai kazi. Mtaimbo ukija leo, kesho mtanikuta shimoni. Jembe la mama liko kwa fundi hadi Jumamosi, na hata likitoka, haliji tena shuleni.