Mtoto Anapokuambia Haswali Tena

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: mtoto tuliyemlea katika dini anapotuambia kwamba haamini tena.

Mwezi uliopita rafiki yangu, tunayeishi naye hapa Uingereza, alinipigia simu akilia. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa amemwambia, "Mama, sitaki kukudanganya. Siswali tena." Kabla ya wiki kwisha habari zilishafika Mombasa, na kundi la WhatsApp la ukoo likatoa hukumu: akatiwe tiketi, akakae na wajomba zake mpaka akili imrudie.

Nilimshauri aiweke tiketi kando kwanza, kisha nikamweleza jinsi sheria ya hapa inavyolitazama jambo hili. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inatofautisha mambo mawili. La kwanza ni imani yenyewe: kuamini, kutoamini au kubadili dini. Hilo ni la moyoni, na serikali hairuhusiwi kuligusa hata kidogo. La pili ni kuionyesha imani kwa ibada, mafundisho au desturi, mavazi yakiwemo. Nalo linalindwa, ila linaweza kuwekewa mipaka. Mwaka 2006 majaji wa ngazi ya juu kabisa waliamua kwamba shule moja ya Luton haikuvunja haki ya mwanafunzi wake ilipomkatalia jilbabu, kwani sare yake tayari iliruhusu hijabu na shalwar kameez. Uukubali uamuzi huo au uukatae, ubishi ulikuwa juu ya nguo. Hakuna aliyemhoji binti yule anaamini nini.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi tutazame kwetu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inataja uhuru wa mtu kubadilisha dini yake. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume na imani yake. Na kabla ya katiba zote hizo, aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara ilikwishakataza kulazimishana katika dini.

Kwa hiyo mzazi hana neno? Analo, tena kubwa. Nyumba ina adabu zake. Pombe na nguruwe haviingii jikoni. Ramadhani hali mchana mbele ya wanaofunga. Siku ya Idi anavaa vizuri, anamwamkia bibi yake, anakaa na wenzake kwenye sinia. Hiyo ni heshima, na heshima mzazi ana haki ya kuidai. Kinachomshinda ni kuuamrisha moyo. Ukimlazimisha utapata paji la uso kwenye mswala, basi. Mwenyewe hayupo, na umemfundisha kukuficha.

Nanyi mlio Wakristo, mwajua kijana anayepelekwa kipaimara kwa kusukumwa huonekana kanisani kwa muda gani baadaye.

Sisemi mzazi asiumie. Kumwona mwanao ameacha jambo ulilolipokea kwa mama yako ni msiba wa aina yake. Lakini kijana aliyekuja kukuambia kwa mdomo wake bado anakuamini. Ukimsafirisha kwa hila, hatakuambia tena jambo lolote, na mtihani wake utakuwa umempita. Akishatimiza miaka 18 atajiamulia mwenyewe, na wakati huo utataka awe bado anajua njia ya kwako.

Muulize nini kilimsumbua, kisha sikiliza mpaka amalize. Akikubali, mtafutie shehe mwenye subira ya kujibu maswali. Swali mbele yake kama kawaida yako, bila vijembe. Na ukoo ujibu kwa adabu: tunashukuru, tuombeeni, ila safari haipo.