Masomo ya bure yanaishia darasa la sita: baada ya hapo nani analipa?



Shule zilifunguliwa tarehe 2 Septemba 2024. Tangu siku ile, katika mikutano ya sendika yetu hapa Goma, bei ya koltani na mambo ya usalama si peke yao tena kwenye meza. Kila mara mama mmoja anasimama na kuuliza: « Banasema masomo ni ya bure, sasa mbona tunalipaka tu? » Wengine wanajibu haraka kwamba direkta ni mwizi, wanapiga makofi, mkutano unaisha. Sisi tunaona jibu lile ni fupi sana. Tutazame jambo hili pole pole, kwa sababu linagusa nyumba zetu, na linagusa hata mashimo yetu.

Sheria inasema nini kweli

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya shule ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Hata shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu zilizo na mapatano na serikali ziko ndani ya hesabu hiyo. Kwa miaka 13 maneno hayo yalilala kwenye karatasi. Ni mwaka wa shule 2019-2020 ndipo Rais Félix Tshisekedi aliamua yaanze kutumika. Watoto wengi waliokuwa wanachunga mbuzi au kuuza maji walirudi darasani. Tusiseme hilo kwa nusu mdomo: ni jambo kubwa, na mwenye watoto watano au sita aliona tofauti katika mfuko wake.

Lakini sikieni vizuri: ni shule ya msingi. Kufuatana na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, shule hiyo ni miaka sita. Darasa la saba na la nane, hata kama sheria ileile inayaweka ndani ya kitu inachokiita éducation de base, hayamo ndani ya bure. Mtoto anamaliza la sita akiwa na miaka 11 au 12. Mlango unaofuata unadai makuta: minervali, feza ya mitihani, uniforme, feza ya kuendesha shule, na prime ya walimu. Mbele yake kuna Examen d'État, na kule mbali kuna chuo kikuu. Bure inamwacha mtoto pale ambapo masomo yanaanza kuwa ghali.

Prime ilitoka wapi

Vijana wengi wanafikiri kwamba mzazi ndiye aliyelipa mwalimu tangu zamani za mababu. Hapana. Wazee wetu waliofanya kazi SOMINKI, kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, wanakumbuka shule za kampuni. Kule Katanga, Gécamines nayo ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake. Halafu bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985. Shimo kubwa la Kamoto likabomoka mwaka 1990. Kampuni zikaanza kufa moja moja, na mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa.

Wakati uleule serikali ya Mobutu ilikuwa imeshindwa kulipa walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya migomo mirefu, wazazi walikubali kumwongezea mwalimu kitu kidogo ili watoto wasipoteze mwaka. Ilikuwa dawa ya siku mbili. Tumeimeza karibu miaka 30.

Sisi wachimbaji tuliingia katika hadithi hiyo kwa mlango wetu. Tangu mwaka 1982 raia aliruhusiwa kuchimba na kuuza mwenyewe. Tulipata ruhusa, lakini pamoja nayo hakukuwa na shule ya kampuni, wala hospitali, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Mchimbaji ni bosi siku anapopata, na ni yatima siku ya kulipa minervali.

Bure ina bei yake

Mwaka 2019 prime ilikatazwa katika shule ya msingi. Hapo serikali ilichukua deni juu ya kichwa chake: kile ambacho wazazi hawatoi tena, itoe yenyewe. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa kusaidia kazi hiyo. Lakini mwaka huohuo wakaguzi wa fedha wa IGF walipofungua orodha za SECOPE, idara iliyokuwa inashika mishahara ya walimu, walikuta shule na walimu ambao hawako popote. Leo idara hiyo inaitwa DINACOPE. Jina limebadilika, na bado wako walimu wa kweli, wenye darasa la kweli, ambao orodha haiwajui. Wanaitwa « nouvelles unités ». Wengine wanafundisha miaka na miaka bila mshahara wa serikali.

Basi fikiria mwalimu huyo. Asubuhi anafundisha, mchana anaendesha pikipiki au anauza kredi ya simu. Darasa lake limejaa kwa sababu masomo ni ya bure. Atakula nini? Atagoma, ataondoka, au shule itaomba tena feza kwa jina lingine: feza ya chaki, feza ya mlinzi, feza ya mtihani. Ndiyo jibu kwa mama aliyeuliza. Serikali isipolipa sehemu yake, feza itatoka tu, ama mfukoni mwa mzazi, ama tumboni mwa mwalimu. Tukimpiga direkta peke yake, tunaacha mwenye deni analala vizuri Kinshasa. Na direkta anayekula kweli? Huyo naye ajibu, lakini kwa karatasi mkononi, si kwa kelele.

Kwa nini hili ni jambo la machimbo

Mtoto aliyekwama mlangoni mwa darasa la saba hapotei hewani. Anakuja kwetu. Anaanza kwa kubeba maji, halafu anaosha mchanga, halafu anaingia shimoni kwa sababu mwili wake ni mdogo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi hiyo, na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaikataza pia.

Tena kuna rangi. Tangu mwaka 2012 wizara ya madini inapanga machimbo katika kijani, njano na nyekundu. Watoto wakionekana shimoni, machimbo yanaweza kupewa nyekundu, na madini ya nyekundu hayana njia ya kuuzwa kwa haki. Kwa hiyo minervali ya darasa la saba inaamua mambo mawili mara moja: kesho ya mtoto, na rangi ya shimo la baba yake. Anayesema sendika ya wachimbaji haina kazi na mambo ya shule, hajafanya hesabu.

Feza ya madini inapita wapi

Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 iligawa redevance, ile kodi inayolipwa na mwenye cheti cha kuchimba. Kwa kila dola 100: 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za mji, sekta au sheferi ambamo machimbo yako, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Koltani imewekwa kati ya madini ya maana zaidi kwa taifa, ndiyo sababu redevance yake ni asilimia 10. Kwa karatasi, darasa la saba lina mahali pa kupata feza. Ni wangapi kati yetu wameona hesabu ya zile 15 imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya sekta?

Na vita vimekata njia yenyewe. Mwisho wa mwezi wa nne mwaka 2024, Rubaya iliangukia mikononi mwa M23. Mwaka ule wengi wetu tulilala Bulengo, Lushagala na Rusayo, bila shimo na bila shamba. Tarehe 30 Septemba 2024, Bi Bintou Keita, mkuu wa MONUSCO wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba madini ya eneo la Rubaya yalikuwa yanaingizia kundi hilo karibu dola 300,000 kila mwezi. Sasa tuhesabu. Mwaka 2024 walimu waliomba mshahara wa dola 500. Feza hiyo ingelipa walimu 600, kila mwezi, kwa mshahara ambao walikuwa wanauota tu.

« Akisoma atapata nini? »

Tunasikia pia neno hili, na halitoki kwa wajinga: « Mutoto wa jirani iko na licence, na iko anachimba pamoja na siye. » Ni kweli. Chuo kikuu kinalipwa na familia, burse ya serikali ya zamani hakuna, na kazi ni chache. Mfumo wa LMD ulioingia mwaka 2021-2022 umebadilisha miaka na majina ya diplome. Haukuleta feza mpya mfukoni mwa mwanafunzi.

Lakini angalia nani anasoma mizani, nani anajua kiasi cha tantali ndani ya mfuko wetu, nani anaandika mkataba tunaoweka kidole. Huyo amesoma. Tukiacha masomo kwa sababu diplome haileti kazi, tutaendelea kuuza bila kujua tunachouza.

Tunaomba nini, tunafanya nini

Kwa serikali, mambo mawili. La kwanza, bure ifike darasa la nane, na ianzie katika maeneo ya machimbo, pale ambapo mtoto akitoka shuleni anaanguka moja kwa moja shimoni. La pili, walimu wasiolipwa waingizwe kwenye orodha kabla ya kutangaza bure nyingine.

Kwa sekta na sheferi: zile 15 zibandikwe ukutani, zilizoingia na zilizotoka, kwa lugha tunayoisoma.

Na kwa sisi wenyewe. Koperative ambayo bado inafanya kazi iweke kitu kidogo kwa kila mfuko, kisaidie watoto wanaoingia darasa la saba, kuanzia mayatima wa mashimo. Tusilipe shuleni bila risiti. Kila mwaka gavana anatia sahihi karatasi inayosema shule inaweza kuomba nini. Kila mzazi ana haki ya kuiona, na anayeikataa ana kitu cha kuficha.

Basi kwenye mkutano unaokuja, kila mmoja alete risiti zake za mwezi wa tisa, hata ile ya franga 1,000. Mwalimu asiye kwenye orodha naye aje, tuandike jina la shule yake na miaka aliyofundisha bila mshahara. Tutaziweka risiti kando ya karatasi ya gavana, moja moja, na kitakachozidi ndicho tutakachopeleka kwa wakubwa.