Nguo ya Jikoni Isiwe ya Nailoni

Mkulima mzuri hanunui mbegu asiyoijua. Huishika, huitazama, huuliza imetoka wapi. Lakini mtu yule yule akifika penye nguo sokoni huuliza mambo mawili tu, rangi na bei. Bwana mkulima, na wewe bibi mwenye nyumba, yafaa muulize jambo la tatu: nguo hii imefumwa kwa uzi wa nini?

Swali hili latuhusu sana sisi tukaao Kinangop, Ol Kalou na mahali pengine palipogawanywa mashamba tangu mwaka 1962. Huku juu kuna baridi, na wengi wetu bado twapika kwa kuni. Mama huinama juu ya moto tangu alfajiri, na watoto humzunguka wakiota moto.

Nailoni na poliesta huyeyuka kwenye joto la digrii 220 mpaka 260 hivi, na mwali wa kuni hupita joto hilo kwa mbali. Nguo ya namna hiyo ikishika moto hugeuka kama lami, ikaganda mwilini na kuendelea kuunguza ngozi. Sweta nyingi za bei rahisi ni za akriliki. Ukiitazama utadhani ni sufu, lakini huwaka kwa ukali. Pamba nayo hushika moto upesi, tusidanganyane, hasa flaneli yenye manyoya tunayowashonea watoto, lakini haiyeyuki. Iliyo bora ni sufu yenyewe, kwa maana hushika moto kwa shida, na mara nyingi huzimika ukiitoa motoni.

Basi maoni yangu ni haya. Mpishi avae pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, mikono isiyoning'inia, na leso aifunge vizuri. Shali ya nailoni na gauni pana la poliesta vibaki chumbani. Wako watakaosema kwamba poliesta hukauka upesi na haichakai. Ni kweli, na sioni ubaya wa kuivaa kwenda sokoni au kanisani. Lakini ni ajabu kuona bwana amenunua koti zuri la kuvaa mjini, na bibi yake yuko mbele ya moto na kitu cha kuwaka kama mshumaa.

Utajuaje uzi? Vuta nyuzi chache kwenye pindo la ndani, uzishike kwa koleo, uzichome nje juu ya jiwe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na masizi yake husagika vidoleni. Poliesta na nailoni hujikunyata, huyeyuka, na zikipoa huacha punje ngumu. Ukiona dalili za namna mbili, uzi umechanganywa. Na katika mitumba tazama kwanza lebo ndani ya kola, maana mara nyingi ingali pale.

Juu ya baridi, pamba ina aibu yake. Ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Mtu anayekamua ng'ombe kwenye mvua ya asubuhi avae sweta ya sufu juu ya shati la pamba. Sufu huweza kubeba unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya mtu kuhisi imelowa. Tena baadhi yenu mwafuga kondoo wa Corriedale, nanyi mwavaa akriliki!

Kwa kunyunyiza dawa shambani, ovaroli ya pamba haitoshi peke yake kwa sababu hunyonya dawa. Mgongoni, penye bomba, weka plastiki. Ovaroli ifuliwe siku ile ile, mbali na nguo za watoto.

Na moto ukishika nguo ya mtu, asikimbie. Mlaze chini, mviringishe mpaka uzime, kisha mmwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Nguo iliyogandamana na ngozi msiibandue. Msipake mafuta, wala unga, wala dawa ya meno. Mfunikeni kwa kitambaa safi cha pamba, mkampeleke hospitali.